Jina la Mama Kulwa

Mwakitolyo, Shinyanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuona hapo barazani, miwani imeshuka puani, na kaka Lusajo amekaa karibu ili akusomee pale mwandiko wangu unapokushinda. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua mvua zikianza? Na ile migomba ya nyuma ya jiko iliyoangushwa na upepo, mliiegemeza au mliikata tu? Mimi huku ni mzima. Vumbi ndilo linanimaliza, maana mashine za kusaga mawe ya dhahabu ziko hatua chache kutoka zahanati yetu na zinanguruma tangu asubuhi. Nimezizoea, siku zikinyamaza ndipo nashtuka.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaniuliza kama nimekula, najibu nimekula, halafu mtandao unakatika. Hili ninalotaka kukueleza ni refu. Tena mwisho wake hutaufurahia sana, kwa hiyo usianze kusoma kutoka chini kama kawaida yako.

Nilishakutajia chama chetu cha wauguzi. Wanaoonekana ni mwenyekiti na suti yake, katibu na mhazini. Kila mwaka wanakaa meza kuu, wanapeana vyeti na kupiga picha. Lakini anayefanya chama kiwepo ni Mama Kulwa. Ni mama mtu mzima, mjane, zamani alikuwa mhudumu wa wodi huko Kolandoto hadi akastaafu. Hakusomea uuguzi, kwa hiyo kwa katiba yetu hawezi kuwa mwanachama. Anajitolea tu. Yeye ndiye hutupigia simu mmoja mmoja, sisi tulio machimboni, kutukumbusha siku ya mafunzo. Yeye ndiye hupiga pasi vitambaa vya meza, hutunza orodha, na huandika majina kwenye vyeti kwa mkono wake, maana mwandiko wake unapendeza kuliko wa kompyuta.

Tuna mwanasesere wa plastiki wa kujifunzia namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua. Mama Kulwa ndiye anayemzungusha kambi hadi kambi, amembeba mgongoni kwa kitenge, juu ya bodaboda. Siku moja pale stendi mwanamke mmoja alimgombeza kwa nini hamfuniki mtoto kichwa na jua lote lile. Akamfunika, akaomba na msamaha, akaendelea na safari! Usicheke sana, mama. Masika yaliyopita nilizalisha mtoto aliyetoka kimya kabisa, amelegea. Nikafanya yale niliyoyafanya kwa yule mwanasesere, hatua kwa hatua. Akalia. Nikalia naye.

Sasa mwaka huu Mama Kulwa akatuambia macho yamechoka, anahamia Mwanza kwa bintiye Doto, na mkutano wetu mkuu ndio utakuwa kazi yake ya mwisho. Nikasema moyoni, haondoki huyu bila kuitwa mbele ya watu.

Nikalipeleka kwenye kamati. Mwenyekiti akasema, "Lakini huyo si mwanachama."

"Na sisi tulio wanachama tumefanya nini?" nikamuuliza.

Unaujua huu mdomo wangu, umenichapa kwa ajili yake mara nyingi. Safari hii ulinisaidia. Wakakubali, na kwa kuwa nilikuwa nimejitia kimbelembele, nikapewa kazi ya kuandika cheti chake kwa siri, kwani tusingeweza kumpa mwenyewe akiandike. Niliharibu karatasi mbili. Ya tatu mistari ilipanda juu, lakini ilisomeka. Mwenyekiti akaisoma, akanirudishia.

"Sista, cheti cha chama hakiandikwi Mama Fulani. Andika jina lake."

"Jina lake ni nani?"

Akamtazama katibu. Katibu akamtazama mhazini, naye mhazini akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Hakuna aliyejua, mama. Tumekula michembe, yale matembele ya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nyumbani kwake, tumelala kwake tukichelewa usafiri, amemuuguza mke wa mwenyekiti mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua mama yule anaitwa nani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Kumuuliza mwenyewe haikuwezekana. Siri ingevuja, na mwanamke yule angekataa papo hapo. Tena mtu wa makamo yale, miaka minne anakuita mwanangu, unaanzaje kumwambia sikujui jina? Nikapekua orodha za chama. Zote kaziandika yeye, na hakuna hata moja aliyojiandika. Nikamtumia hela kidogo kwenye simu ili nione jina litakalotokea, likatokea la mwanawe wa kiume, ndiye aliyemsajilia laini. Nikawauliza majirani. "Si Mama Kulwa?" wakanijibu, wakinitazama kama mtu aliyepandwa na homa. Zikabaki siku mbili. Mwishowe nikajifanya nataka kumsalimia Doto, Mama Kulwa mwenyewe akanipa namba bila kushuku kitu.

Doto alinifanya nirudie swali mara mbili. Kisha akasema, "Minza. Minza Luhende. Dada, mimi jina hilo mara ya mwisho kulisikia ni babu alipokuwa hai."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, wauguzi wametoka Kahama, hadi kule Geita. Vyeti vya wakubwa vikatolewa, watu wakapiga makofi ya kuchoka. Kisha mshereheshaji akashika kile nilichokiandika mimi na kuita, "Minza Luhende!"

Watu wakageuka huku na huku. Mama Kulwa alikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio, kama siku zote. Nikamwona anashusha kidole kwenye ukurasa, jina kwa jina, anamtafuta huyo Minza Luhende. Akafika chini, akafunua ukurasa wa pili. Nikamsogelea. Akaninong'oneza, "Nesi, huyu hajasaini. Kawaambie haja..."

Kidole kikasimama.

"Nani kawaambia?" akauliza.

"Doto."

Hakulia. Alifunga daftari, akaliweka juu ya kiti, akamtazama mshereheshaji kule mbele, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Soma tena."

Akasoma tena. Ukumbi mzima ukasimama, na mwenyekiti alikuwa wa kwanza, nisimnyime haki yake. Mama Kulwa akatembea hadi mbele polepole, yeye ambaye siku zote anakimbia na chupa ya chai. Alipokea cheti, akakisogeza mbali na macho ili aone vizuri, akanitafuta kwenye umati. "Wabeja, ahsanteni sana. Lakini ng'wanawane, mwanangu we, mwandiko huu ni wa daktari!" Watu walicheka hadi wakakaa.

Jioni yake, tukikunja vitambaa vya meza, akanipa mwanasesere na daftari lake lenye namba za wauguzi wote wa machimboni. Hakuniuliza kama nataka. Nami nikapokea, mama. Hilo ndilo nililokuambia hutalifurahia. Nilikuahidi kwamba mwaka huu ukiisha narudi Tukuyu moja kwa moja, na najua umeshanitafutia hadi nafasi ya kazi kule kituo cha afya. Nisamehe. Nitakuja Krismasi, nikae wiki mbili, nile ndizi zako hadi nishindwe kutembea, halafu nitarudi huku. Kuna kina mama huku wanaojifungua kando ya mashimo, na wauguzi wageni wanakuja ambao hawajamshika yule mwanasesere hata mara moja. Nimeshaanza kuwapigia simu. Wawili wamenikatia, lakini hata Mama Kulwa alikuwa anakatiwa.

Mshukuru kaka Lusajo kwa kukusomea, umsalimie yeye na mkewe, na yule mdogo wao aliyeota meno. Msalimie shangazi wa kanisani, umwambie kitenge alichoniagiza nimeshakinunua. Msalimie mjomba fundi cherehani. Na ukipita makaburini, mwambie baba kwamba binti yake ana kazi nyingi na ana furaha.

Na kuna jambo moja, mama, nijibu hata kwa simu. Jina lako nalijua kwa sababu ya fomu za shule. Lakini bibi aliyetulea, aliyetubeba mgongoni mimi na Lusajo, sote tulimwita Bibi, na kijiji kizima kilimwita kwa jina la mtoto wake. Nimekaa hapa usiku wa tatu sasa najaribu kukumbuka, na sikumbuki, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Wazazi wake walimwita nani?

Mwanao akupendaye,
Atupele