Mama Yako Ana Kaka Mmoja

Morogoro mjini, 4 Februari 2024

Mjomba Stambuli,

Shikamoo. Habari za Kinole, na mdalasini unaendeleaje? Mama Sabra hajambo? Mimi mzima, chuo kimefunguliwa. Mama naye yuko salama Mlali, ila analalamika kwamba kaka yake amemsahau.

Ile hoja yako ya likizo nimetembea nayo. Ulisema Mungu hawezi kufa msalabani kwa sababu mfalme haingii jikoni kuosha vyombo. Nami nakwambia, mfalme anayeogopa jiko lake mwenyewe ni mgeni kwenye hiyo nyumba. Haya, nijibu.

Ila safari hii nimepata wabishi kukuzidi. Darasani kuna binti anaitwa Janeth, anasema hakuna Mungu na hajawahi kuwepo. Nimempelekea hoja zote za kikundi chetu cha kutetea imani, anacheka tu. Halafu yupo mwalimu wetu, ambaye hata hasemi kwamba Mungu hayupo. Anasema kila watu wana ukweli wao, na ukweli si chochote ila hadithi ya mwenye nguvu ya kuisimulia. Mimi na wewe angalau tunagombania kitu kilichopo! Nisaidie, mjomba. Kwa habari za Isa tutaendelea kugombana, lakini kwa hawa wawili tukae upande mmoja.

Mpwa wako mbishi,
Kasiani

Kinole, 20 Februari 2024

Mpwa wangu Kasiani,

Marahaba. Huku sote wazima, alhamdulillah, ila mvua inatukomesha. Barua yako kaileta Laurenti wa ndizi. Anasema unataka nipokee simu. Simu ni ya kuulizia bei, si ya kumzungumzia Mwenyezi Mungu.

Jibu lako la mfalme ni zuri, kwa mtu anayehesabu moja, mbili, tatu, halafu anasema jumla ni moja. Nitakurudia.

Huyo mwalimu muulize hivi: siku akisingiziwa wizi, atasema "huo ni ukweli wenu", au atasema "ni uongo, sikuiba"? Akishajibu, darasa limekwisha.

Janeth usimpige kwa hoja. Muulize kwanza amemzika nani. Nakwambia neno ambalo sijamwambia mtu, si sheikh, si Mama Sabra mwenyewe. Unajua binti yetu alivyofariki: homa, mvua imekata barabara, tukambeba kwenye machela, akakata roho kabla hatujafika bondeni. Watu walinisifu kwa subira. Mwadhini wa msikiti ni mimi, na kesho yake alfajiri niliadhini kama kawaida. Lakini mwaka mzima, mpwa wangu, nilikuwa naswali naongea na ukuta. Nilisema moyoni, huko hakuna mtu. Baadaye nikarudi taratibu, sijui nilirudi vipi, ila hoja haikuwamo. Mwaka huo wote mke wangu alikuwa akilia, nami namwambia Mungu ana makusudi yake, na mwenyewe siamini ninachosema. Aliniegemea mimi ndipo akasimama.

Basi huyo binti mheshimu. Na haya yaishie kwako.

Mjomba wako,
Stambuli

Morogoro mjini, 9 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mvua imepungua na nyote hamjambo.

Nilisoma barua yako nikalia. Uliyonieleza nimeyafukia. Nilimuuliza Janeth kama ulivyosema. Amemzika baba yake. Tulikaa, akaongea, na kwa mara ya kwanza hakunicheka.

Nina habari mbili. Nimempata msichana, anaitwa Esther, na mwaka huu nataka kwenda kwao. Jiandae, kiti cha mjomba ni chako. Ya pili, kikundi kimenichagua nizungumze kwenye mhadhara wa Pasaka, uwanja wa karibu na Msamvu. Niombee, hata kwa Kiarabu.

Mpwa wako,
Kasiani

Kinole, 2 Mei 2024

Kasiani,

Salamu. Hatujambo, kwa jinsi unavyoweza kusema hatujambo.

Vijana wa hapa wana video kwenye simu. Ndani yake umesimama wewe, umevaa shati nililokununulia, unasema: "Nina mjomba Mwislamu, mwadhini huko milimani. Alimzika binti yake, akaswali mwaka mzima akiongea na ukuta, kwa sababu dini yake haikumwambia kwamba Mungu naye alimzika Mwana." Watu wanapiga makofi. Wewe unangoja yatulie ndipo uendelee.

Ijumaa nilipofika msikitini nilimkuta Abdulmajid ameshashika kipaza sauti aadhini yeye. Hakuna aliyenifukuza. Walinipisha tu, wakatazama chini.

Niambie kama aliyesema yale ni wewe.

Stambuli

Morogoro mjini, 7 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui hata niulize vipi habari za nyumbani.

Ni mimi. Lakini sikukutaja jina, wala Kinole sikuitaja. Na sikusema kwa kukudharau. Nilikuwa nimejibu maswali ya Waislamu, nimejibu ya wasioamini, na uwanja ulikuwa baridi kabisa. Nikamwona Janeth kati ya watu. Nikawaza, hoja haikumrudisha mjomba, basi nisimulie maisha. Na nililolisema naliamini, kwamba Mungu aliyefiwa anamfaa mfiwa. Watu kadhaa walinijia wakilia. Je, hilo halina thamani? Ukweli ukiponya mtu, una kosa gani kusemwa?

Mpwa wako,
Kasiani

Kinole, 19 Mei 2024

Kasiani,

Marahaba. Mimi mzima.

Hukutaja jina. Wewe Mluguru gani, bwana? Kwetu mtu akisema "mjomba wangu" keshataja jina, ukoo na mlango wa nyumba. Mama yako alizaliwa Mwislamu mwenzangu, akaolewa Mlali, akabatizwa Regina, na kila aliyetutembelea anatujua. Mama yako ana kaka mmoja.

Ya msikitini nitayastahimili. Lakini Mama Sabra aliiona ile video kwa jirani, wakati anaanika mdalasini. Alirudi akakaa, akaniuliza: "Mwaka ule uliponiambia Mungu ana makusudi, ulikuwa unaniambia nini?" Akasema alijiona yeye peke yake ndiye mwenye imani mbovu, akawa anaomba toba miaka yote kwa kulia kwake, kumbe nilikuwa naye humohumo shimoni na sikumwambia. Amekwenda kwa dada yake Mkuyuni.

Unauliza ukweli una kosa gani. Nilikupa dawa ya kumpelekea mgonjwa, ukaenda kuipigia mnada. Tangu Februari wewe na mimi tulikuwa tunamthibitishia mwalimu wako kwamba ukweli upo. Wewe ukapanda jukwaani siku moja, ukamwonyesha kwamba ukweli ni wa aliyeshika kipaza sauti. Umeniuma, Kasiani. Msikitini nina maadui wawili watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifanyia hivi.

Stambuli

Morogoro mjini, 28 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, na mbili hukunijibu. Laurenti anasema unazipokea.

Video nimeifuta kwenye ukurasa wa kikundi, ila wengine wanayo na sina la kufanya. Kikundi nimekiacha. Janeth hanisalimii. Alisema, "Kumbe ndivyo unavyosikiliza." Nisamehe. Nilikuwa nataka kushinda.

Wazazi wa Esther wanauliza nitakuja na nani. Na nirudishie ubishi wetu, mjomba, hata kwa matusi. Nakuuliza kama zamani: kama Isa hakusulubiwa, ni nani aliyelia pale msalabani? Na wewe bado unaamini? Umenisamehe?

Mpwa wako,
Kasiani

Kinole, 18 Agosti 2024

Mpwa wangu Kasiani,

Marahaba. Barua zote zimefika. Huku mzima, karafuu zimeanza kuchanua. Msalimie mama yako.

Kwa Esther nitakuja. Mpwa haoi bila mjomba kukaa mbele, na sitamwaibisha dada yangu kwa kosa lako. Nitakutetea mbele ya wakwe kama inavyotakiwa. Nitavaa kanzu, nitakula, nitacheka panapochekwa.

Mama Sabra bado yuko kwa dada yake. Nikienda ananipa chai, ananiuliza habari za njiani. Usimwandikie.

Umeuliza kama nimekusamehe. Nimekusamehe, kwa kuwa dini yangu inaniamuru, na yako vilevile. Umeuliza kama bado naamini. Utanikuta naswali. Zaidi ya hapo hutajua tena, wala mwingine hatajua.

Lile la msalaba kawaulize masheikh wa hapo mjini. Wapo wengi, na wanajibu vizuri.

Mjomba wako,
Stambuli