Mkeka Juu ya Kioo

Busale,
Kyela.
9 Julai 2024

Mpendwa binti yangu Kisa,

Ndaga, mwanangu. Hujambo huko Mwanza? Kile kifua kimepona? Wajukuu wanakula vizuri? Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inanitafuna magoti. Nimeona niandike, maana kwenye simu naona aibu nikikumbuka nilichokuambia.

Ule mtambo wa maji ya moto ulionitumia si mbovu. Aliko hakukutapeli. Ni mimi, mwanangu.

Siku anaufunga nyuma ya bafu alinieleza: jua linapita kwenye kioo, linapasha yale mabomba meusi ya ndani, maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenye tangi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikuelewa, nikaona haya kumuuliza mtoto wa kaka yangu.

Sasa kokoa ikatoka kuvundikwa, na jua lenyewe la kugombania na mawingu. Nikagusa kile kioo, kina joto! Nikasema jua lote limekusanyika hapa. Nikatandika mkeka juu yake, nikafunga pembe kwa kamba, nikaanika kokoa. Maji yakapoa. Nikakupigia kwamba tumeibiwa, nawe ukamgombeza Aliko. Nikawaambia na akina mama wa kwaya. Nancy, aliyetaka mtambo wa kuogeshea mapacha wake, akamkataza asije.

Jumatano Aliko akaja mwenyewe na spana zake. Akasimama, akautazama mkeka. Mimi nikajifanya napuliza moto jikoni. Akaukunja taratibu, hakumwaga hata punje. Akaniita: “Shangazi, kokoa yako imekauka vizuri sana. Sasa tuyaache na maji yaote jua.” Nikampikia ndizi, akala, hakusema neno baya. Hapo ndipo aibu ilipozidi. Kesho yake jioni maji yalikuwa yanaunguza mkono.

Jumapili baada ya ibada nikawaeleza akina mama ukweli. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nancy kauliza kama na mpunga naanika huko. Acha wacheke, mradi amemwita tena Aliko.

Lakini yeye kinachomuuma ni wewe. Kasema, “Kisa ni dada yangu, angeniuliza kwanza.” Mpigie, mama. Mwambie kosa ni la shangazi yake. Maji ya moto yapo, ila mimi bado naoga ya baridi. Nitayaoga siku Aliko atakaponiambia umempigia.

Nisalimie baba watoto, Hezroni, pia Tumaini na Jeni. Mungu awafunike, msiugue.

Mimi mama yako, nikupendaye hata nikikosea,
Veronika