Kuku wa Miguu Mitatu

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu nyingi za dada yako, anayekukumbuka kila anapofua mashuka akakosa wa kushika upande wa pili. Kifua chako kinaendeleaje? Na macho ya mama, yameitikia ile dawa mpya, au bado anamwamkia mwenye nyumba akidhani ni wewe? Mimi mwili ni mzima, nashukuru. Habari za moyo utazikuta mbele. Najua mama atakuomba umsomee barua hii kwa sauti. Msomee mpaka hapa tu, kisha mwambie dada anasalimu sana, karatasi ilimwishia.

Sasa kaa chini. Nimechorwa tatuu. Usicheke, na usianze kunitafutia mwanamume aliyenishawishi, maana hayupo. Iko mguu wa kushoto, upande wa ndani, chini kidogo ya kifundo, mahali panapofunikwa na buti la kazi. Mtu hajipambi ndani ya buti, kwa hiyo umeshajua si urembo.

Utakumbuka niliwaandikia kwamba banda la pili la kiwanda chetu cha kujaza mitungi ya gesi lilishika moto, nikasema upande wetu hakuna aliyeumia. Ilikuwa kweli, ila kweli ya nusu. Upande wa pili walikufa wasichana wawili niliokuwa nakula nao mchana. Kwa sababu hiyo msimamizi alikuja kunichukua mimi nikasaidie kuwatambua. Hospitalini, muuguzi hakunifunulia nyuso. Alisema kwa upole kwamba hazingenisaidia. Alifunua shuka kuanzia chini akanionyesha miguu, kwa kuwa yale mabuti ni magumu na yalikuwa yamekinga kilichokuwa ndani. Miguu minne, mizima, kama ya watu waliolala. Akaniuliza huyu ni nani, na yule ni nani.

Mdogo wangu, nilijua mmoja hali vitunguu. Nilijua mwenzake akicheka huziba mdomo. Miguu yao sikuwahi kuitazama. Nikasema sijui. Mpaka leo mama zao wanalia kwenye makaburi yote mawili, kila mmoja akiogopa asije akamruka aliye wake.

Tangu siku ile hofu imehamia kwetu na vyombo vyake vyote. Mtungi ukianguka, sote tunakimbilia mlangoni. Gesi nainusa hata kwenye chai. Ndipo Mama Koki, mkongwe wetu anayekagua koki za mitungi, akatuambia mchana mmoja kwamba kama hatuwezi kuchagua siku ya kufa, basi angalau tuchague watakaotuzika. Tukaenda wanne: yeye, mimi, Kinanda ambaye haachi kuimba hata akipiga mswaki, na Mrefu, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Mchoraji ni mwanamke wa makamo mwenye miwani, chumba chake kiko juu ya saluni. Kwenye ngazi tulipokewa na harufu ya nywele zilizoungua. Tukapanda tukiwa tumeziba pua. Alitupa albamu ya picha tuchague. Kinanda akaangukia waridi papo hapo. Mama Koki akamwuliza, mjini humu kuna wanawake wangapi wenye waridi mguuni? Utazikwa na mume wa mtu, uliliwe na watu usiowajua hata kwa sura! Tulicheka mpaka mwenye saluni akagonga dari. Kinanda akaghairi, akachorwa vibonye vya kinanda. Mrefu alitaka jina la mwanawe, lakini mtoto hajazaliwa, jina atalitoa wapi? Akachagua ngazi, kwa urefu wake. Mama Koki hakufungua albamu. Alitaka koki, na akaeleza uzi wake, ile mistari ya kukazia, upinde vipi.

Mimi niliipekua albamu yote: kipepeo, nanga, simba, moyo uliochomwa mshale. Kila kitu kilikuwa cha kila mtu. Mchoraji, ambaye alidhani tuna sherehe, aliponiona nimekwama akaniuliza, "Dada, hii unataka nani aione?"

Nilikuona wewe. Nilikuona umesimama kwenye kile chumba cha baridi, umeshika kofia mkononi, na muuguzi anafunua shuka kuanzia chini. Hapo nikajua nichorwe nini.

Unamkumbuka kuku wako? Yule wa mkaa uliyemchora ukutani jikoni kabla hujaanza shule, akiwa na miguu mitatu. Baba alipokuuliza wa tatu ni wa nini, ukasema ni wa akiba, miwili ikichoka. Kiboko kilimponyoka baba mkononi kwa kicheko. Na mama alipopaka chokaa mwaka ule, alimzunguka kuku akamwacha. Nilimchora kwenye karatasi kama ninavyomkumbuka, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Mchoraji akanisahihisha kwa heshima, akafuta mguu mmoja. Nikamwomba aurudishe. Sindano ilichoma, maana pale mfupa uko karibu, nami nikalia kwa sauti. Wenzangu wakadhani ni maumivu ya sindano.

Kwa hiyo nakuomba, wakipiga simu, usimruhusu mama aje. Njoo wewe. Usikubali kufunuliwa uso. Waambie wakuonyeshe mguu wa kushoto.

Ningependa kuishia hapa, lakini lipo jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Baada ya moto ule, tajiri aliahidi kutubadilishia bomba kuu la banda letu, kwa sababu lilikuwa limechakaa kama lile lililopasuka. Juma lililopita tulifika kazini tukalikuta jekundu, linang'aa. Tulipiga makofi. Kinanda akalitungia wimbo. Juzi niliteleza nikalidaka nisianguke, na kiganja kikatoka na rangi. Nikakwaruza kwa ukucha, kisha kwa ufunguo. Chini ya rangi kutu ilikuwa pale pale, na nilipoweka shavu nikasikia upepo mwembamba ukinipuliza. Ni bomba lile lile, mdogo wangu. Wamelipaka rangi tu.

Jana nilishinda nimenyamaza. Niliwaza macho ya mama na dawa yake, mdomo ukawa mzito kuliko mtungi uliojaa. Leo asubuhi nikamnong'oneza Mama Koki getini. Mama Koki hajui kunong'ona. Kabla kengele haijalia, banda zima lilikuwa limesimama nje. Msimamizi akatoka akasema asiyeingia sasa hivi asihangaike kurudi kesho. Wengi wetu tumebaki nje. Mrefu ameingia. Mkewe amejifungua juzi, na alipita mbele yetu akitazama chini. Kinanda akamfuata, maana ndiye anayewasomesha wadogo zake. Hakuna aliyewazomea. Ungewazomeaje?

Nakuandikia nimekaa nje ya geti, karatasi juu ya goti, ndiyo maana mwandiko unayumba. Mama Koki amekwenda kuwaita watu wa zimamoto waje walione bomba kwa macho yao. Hajarudi. Kutoka ndani tunasikia mitungi ikigongana, na juu yake sauti ya Kinanda akiimba. Watu huku nje wameacha mazungumzo ili wamsikie. Akikatiza kuvuta pumzi, tunatazamana.

Mshike mama mkono kwa ajili yangu, usimwambie kwa nini. Kifua chako kikinge na baridi. Nakuaga kwa mapenzi yote, ila masikio yangu siwezi kukutumia, yako upande wa pili wa ukuta.

Bado anaimba.

Ni mimi,
dada yako.