Bei ya Mashine Iliyokatwa

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga imeanza kukutii, na kwamba kaka na mkewe hawajakuchoka bado. Mimi ni mzima, ila mikono imejaa gundi na nywele zimejaa vumbi la mbao, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Naandika kwa sababu kaka anasema simu unaishika mbali na sikio kama pasi ya moto, halafu unajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Jambo hili silitakii ndiyo ya namna hiyo.

Mwenye nyumba anauza chumba cha karakana yetu. Amenipa mimi nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo ni cha atakayewahi. Baba, mimi sitoki hapa. Nimejifunzia kazi humu, na utakaporudi nataka urudi humu humu.

Juzi alikuja bwana mmoja anayekusanya mashine za gemu za zamani, hizi za kusimama na kutumbukiza sarafu. Ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alizipita zile saba zilizopangwa nyuma, mpaka akafika kwenye ile ya buluu. Akapiga magoti, akamulika tochi ndani, akasoma namba iliyogongwa kwenye mbao. Akasema hiyo zamani ilikuwa gemu ya vyombo vya angani, na zimebaki chache mno. Mimi roho juu. Kisha akataja bei, nikacheka nikidhani ananitania. Ilikuwa bei ya kabati.

Anasema imebadilishwa. Bodi ya ndani inayobeba gemu siyo yake, ubao wa vibonye siyo wake, na michoro ya kiwandani imepakwa rangi juu. Ingekuwa kama ilivyozaliwa, angenipa pesa ya kutosha kununua chumba.

Nimeamua kuirudisha ilivyokuwa. Bodi ya kwanza uliiweka wapi?

Binti yako,
Bisibisi

19 Machi

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Nyonga inanitii asubuhi, jioni inagoma. Mkwe wangu ananilisha kana kwamba napelekwa mnadani. Wewe je, unakula, au unashindia chai na harufu ya gundi?

Mwambie huyo wa miwani mbili kwamba mashine ile haikuharibiwa, ilipewa kazi. Watu walichoka na vyombo vya angani. Nikatoa bodi, nikaweka gemu ya ngumi, nikapaka buluu, na foleni ikafika barabarani. Ada ya kaka yako ilitoka humo, na viatu vyako pia. Mashine isiyochezwa ni kabati kweli, hapo tu nakubaliana naye.

Ukiniuliza mimi, zibadilishe zote. Toa vile vioo vizito, weka runinga bapa na kompyuta ndogo yenye gemu elfu, uwauzie wenye migahawa. Watanunua haraka kuliko huyo anayenunua kwa tochi.

Lakini nakujua. Ukaidi wako nimekupa mimi, siwezi kuudai. Bodi ya kwanza imeviringishwa kwenye taulo chini ya mashine hiyo hiyo, nyuma ya sanduku la sarafu. Ubao wa vibonye wa zamani uko chini ya huo mpya, niliufunika tu. Sijawahi kutupa kitu kinachoweza kuwaka. Ng'oa misumari polepole.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Kaka anasema sasa unatembea mpaka dukani na kurudi, nimefurahi sana. Mimi nakula. Usimuulize kaka.

Imewaka! Bodi nilikuta kutu kwenye meno yake ya kuchomekea, nikayasugua kwa kifutio cha penseli kama ulivyonifundisha. Siku ya kwanza ilitoa mistari tu. Siku ya pili ikatoa nyota, na ule wimbo wake wa kuanzia ukajaa chumba kizima. Rangi ya buluu ndiyo iliyonitoa jasho. Niliilainisha kwa kikaushio cha nywele, kidogo kidogo, nikaikwangua kwa kadi ya plastiki, maana chuma kingekula michoro. Wiki saba, Baba, nimekazana na ubavu mmoja mpaka mwingine. Chini yake kuna roketi yenye mkia mwekundu ambayo mimi sikuwahi kuiona maisha yangu yote.

Kuhusu runinga bapa, nimekataa. Yule bwana anasema kila tundu jipya linashusha bei, na kila kinachokatwa hakirudi.

Sasa sikiliza hili. Alikuja jana, akazunguka akitabasamu, akatoa futi kuipima, akapima tena. Imekatwa chini. Kiganja kizima na zaidi kimeondolewa pande zote kwa msumeno wa mkono. Nimeizoea hivyo tangu utotoni, nikadhani ni aina fupi. Anasema ama niunge mbao mpya kwa ustadi uonekane wa kiwandani, ama anaichukua kwa nusu ya bei, na nusu haifiki kwenye chumba.

Nilimwambia baba yangu hakati ovyo. Ilikuwa imeoza? Niambie niunge mbao gani.

Bisibisi

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na kaka anasema u mzima, barua uliisoma, ukaikunja ukaiweka mfukoni. Kama nimekukosea nitukane, nimezoea, lakini usinyamaze. Mwenye nyumba ameshaleta watu wawili kuangalia chumba. Wamepima madirisha huku nimesimama.

Bisibisi wako

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea. Kila nikianza kuandika, nikifika hapo kwenye marahaba kalamu inalala.

Haikuoza. Niliikata kwa ajili ya mama yako.

Wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Ule ugonjwa uliomchukua ulianza kwa kumnyima miguu. Hakutaka kubaki nyumbani peke yake, akawa anakuja kwenye duka letu la gemu kuketi kwenye kigoda karibu na mlango, anawapa watu chenji. Siku moja akaniambia, "Mume wangu, mimi nashinda humu naona migongo tu. Nasikia kelele, sijui nani kashinda." Jumapili tulipofunga nikailaza ile mashine, nikakata. Tukaisimamisha, akasogea, akajaribu, akasema bado. Nikailaza tena. Mara ya tatu vidole vikafika kwenye vibonye bila mabega kuinuka. Akasema, "Hapo hapo. Sasa niletee mtu wa kumpiga."

Vijana waliicheka mashine fupi mpaka alipoanza kuwafunga. Alikuwa hana huruma hata chembe. Walikuja kutoka mitaa mingine kushindwa na mama aliyeketi, na wakishindwa anawarudishia chenji huku anacheka.

Nilikuandikia kwamba watu waliichoka gemu ile. Hawakuichoka. Tulipomzika, mimi ndiye sikuweza kuusikia wimbo wa kuanzia wa gemu ile. Nikatoa bodi, nikapaka buluu. Ndiyo maana sikuitupa, na ndiyo maana hukuwahi kuiona roketi.

Sasa nisikilize vizuri. Unga mbao ngumu iliyokauka, usiweke plaiwudi. Paka rangi, piga msasa, paka tena mpaka kiungo kipotee. Uza. Mama yako hahitaji vibonye tena, wewe unahitaji chumba. Hilo siyo ombi.

Baba yako

30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome, kwa sababu nimekukatalia.

Nililia siku mbili, siku ya tatu nikamwita yule bwana nikamweleza yote. Alivua miwani zote mbili, akazifuta, akanipa pole. Kisha akasema anasikitika, lakini kwa wakusanyaji mashine iliyokatwa ni iliyokatwa, sababu haipandishi bei. Hakusema kwa ubaya. Nikamjibu kwamba hata akinipa bei nzima, siiuzi na siiungi.

Nilipofunga mlango ndipo hofu ikaniingia. Nilikuwa na mashine saba na wiki sita. Basi nikapiga moyo konde nikafanya ulivyoniambia mwanzoni, ila kwa njia yangu. Kila moja niliichongea fremu inayoshika runinga bapa kwa kutumia matundu yale yale ya zamani, sikutoboa hata moja jipya. Kioo cha zamani na bodi yake nikavifunga kwenye sanduku vikaenda na mashine, ili mwenye kutaka kuirudisha airudishe mchana mmoja. Nililala humu karakana juu ya magunia, nikaapa mpaka kieleweke.

Wenye migahawa walichukua nne. Mwalimu mmoja alichukua ya tano akaiweka sebuleni, mkewe hasemi naye. Mbili za mwisho kanunua nani? Miwani mbili! Alikagua kila tundu kwa tochi, akasema iliyobadilishwa hivi haijapoteza kitu, akatoa bei nzuri bila kubishana.

Chumba ni chetu, Baba. Nimetia sahihi leo asubuhi.

Kisha nikaiwasha ile ya mama, nikavuta kigoda nikaketi. Vidole vilifika kwenye vibonye na mabega yangu hayakuinuka. Nina kimo chake, na hukuwahi kuniambia.

Binti yenu,
Bisibisi

9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Kaka yako kaniuliza nalia nini, nikamwambia ni dawa ya macho. Akasema, "Baba, wewe unaumwa nyonga."

Kimo ni chake, na mikono pia. Sikusema kwa sababu kila ulipokua kidogo nilimwona yeye, na nilidhani nikinyamaza nitaumia peke yangu. Umefanya vizuri kunikatalia.

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Usije kunipokea na gari la kukodi wala usilete watu, njoo wewe. Na tutakapofika karakana usinipe kiti kirefu, nyonga ilalamike itakavyo. Miaka ile yote nilisimama nyuma ya mama yako, nikaona kisogo chake na mikono yake inavyokwenda. Nataka kuketi, niione ile nyota ya kwanza inavyoingia, kama alivyokuwa akiiona yeye.

Baba yako