Nguo za Mtu Aliye Hai

Maskati,
Jumatano, baada ya sala ya alasiri

Kwa Mama yangu,

Assalamu alaikum warahmatullah. Shikamoo, Mama. Nakuamkia kwa adabu zote hata kama mwenyewe umenikasirikia. Vipi presha? Vipi lile goti la kulia? Dawa unazimeza zote, au bado unagawana na jirani? Namuomba Mungu barua hii ikukute umekula, maana Mishi ameniambia tangu wiki iliyopita unaishi kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mimi napumua, nafanya kazi na ninaswali. Mengine utayasikia humu humu.

Najua anayekusomea ni Mishi. Mishi, mdogo wangu, soma kama nilivyoandika. Usiruke wala usipunguze, na ukifika mahali pagumu usijifanye hati yangu haisomeki.

Mama, nilipopiga simu Ijumaa uliniuliza jambo moja tu: “Waumwa nini?” Nikakujibu siumwi. Ukamrudishia Mishi simu bila kuniaga, na tangu hapo hutaki kuja kuzungumza nami. Umesema kwa simu mtu husema atakalo, na kwamba niandike kwa mkono wangu kama nilivyokuwa nikiandika nilipokuwa shule ya bweni, kwa sababu hati yangu unaijua ikidanganya. Haya, nimenunua daftari na kalamu, nimekaa kitandani, na huyu Rehema wa Tanga ninayelala naye chumba kimoja nimemfukuza aende dukani. Barua ataibeba kaka yake, anaondoka Alhamisi kwenda Mombasa, na ameahidi kuvuka kivuko na kukuletea mpaka mlangoni.

Lakini kabla sijakujibu niseme langu, maana na mimi nina hasira. Mlinitandikia majamvi ya matanga, Mama! Mimi niko chumba cha kufulia nakunja mashuka ya hoteli, kumbe nyumbani Msambweni majirani wameshajaa uani, Mjomba Hamisi ameanza kuulizia namna ya kurudisha maiti kutoka Arabuni, na Shangazi Fatuma, Mungu amweke, amefika kabla ya wote na kuulizia ule mkoba mweusi wa ngozi. Mishi anasema Shangazi alilia kwelikweli, ila alikuwa akilia huku akiliangalia kabati. Nilicheka nilipohadithiwa. Kisha nikaona haya, kwa sababu aliyeyaanzisha yote haya ni mimi.

Ilikuwa hivi. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa ya chakula cha mchana, nilikaa juu ya marobota ya taulo nyuma ya mashine kubwa nikamtumia Mishi ujumbe wa sauti. Dakika tisa nzima. Nikamwambia, fungua kabati langu ugawe. Dera la zambarau nililovaa harusi ya binamu yetu Riziki apewe Shangazi. Baibui la nakshi apewe mke wa Mjomba. Zile doti mbili za leso ambazo hazijakatwa ni za Mama, aziweke sandukuni mwake. Mikoba chagua wewe kwanza, itakayobaki wape wasichana wa ukoo. Na mwisho, kwa kuwa Idd iliyopita niligombana kwa simu na mke wa Mjomba juu ya hilo hilo baibui, nikamalizia kwa kusema kama kuna mtu nimemkosea anisamehe.

Mama, mimi nimezaliwa hapo hapo. Naijua siku ya kugawa nguo za marehemu: watu wamekaa jamvini, mkubwa mmoja anainua nguo, anataja jina, inapokewa kwa dua, anainua nyingine. Nguo za Bibi zilipogawiwa mimi mwenyewe nilipewa mtandio, nikaulilia siku tatu. Na najua kwamba mtu aliye hai akitaja nguo zake moja moja, kila moja na mwenyewe wa kupewa, kisha akaomba radhi, huyo hapangi kabati. Huyo anausia. Sijui nilisahau vipi. Labda miaka mitatu ya kukaa na watu wanaotupa nguo kwa magunia imenitoa adabu.

Na Mishi naye, badala ya kusikiliza peke yake, akaufungulia kwa sauti kubwa hapo uani. Anasema ulikuwa ukichambua mchele. Nilipofika kwenye zile doti zako uliweka ungo chini. Nilipoomba msamaha ulisimama ukasema, “Mwanangu yuwagawa nguo zake. Mwanangu yuwafa.” Ukaingia chumbani kwangu, ukafunga kabati, na ufunguo ukaufunga kwenye pindo la leso yako. Mpaka leo hujaufungua.

Mlipopiga simu hamkunipata siku nne, na hapo ndipo majamvi yalipotandikwa. Mama, simu ilikuwa ndani ya mashine. Niliisahau kwenye mfuko wa aproni, aproni ikaingia na mashuka ya ghorofa nzima. Mimi, ninayewapigia wenzangu kelele kila asubuhi wakague mifuko kabla ya kufua! Msimamizi alinishikia ile simu mbele ya watu wote, inatiririka maji, akaniuliza kama nilitaka na kuipiga pasi. Ikabidi nisubiri mpaka Ijumaa nipate nyingine.

Basi Mishi akakueleza nilivyomweleza: kwamba nimehamishiwa chumba kidogo, kabati la huku lina mlango mmoja tu, na ndiyo maana nimeanza kupunguza vitu, vya huku na vya nyumbani. Ni kweli. Chumba kweli ni kidogo. Nikifungua mlango wa kabati Rehema hawezi kushuka kitandani.

Na mikoba unaijua ilivyo nyingi. Wewe ulikuwa ukinicheka, mtu ana mabega mawili na mikoba thelathini. Ilianzia Diani, nilipokuwa nikisafisha vyumba vya hoteli, pale mgeni mmoja mzee aliponiachia mkoba wake wa mkeka wenye vishikio vya ngozi. Unakumbuka nilivyokuhadithia nilivyoogopa kuutoa getini, nikiwa na karatasi ya ruhusa mkononi kama mtu anayevuka mpaka? Tangu siku ile sijapona. Wengine wananunua dhahabu, mimi nikimaliza mwezi napita mitumba. Na sinunui kwa kujionyesha tu. Mkoba nauchagua kwa pua, kwa mshono, kwa jinsi zipu inavyokwenda. Huku nilifikisha thelathini na moja. Kila Ijumaa huitoa yote, nikaipanga kitandani, nikaifuta, nikaijaza magazeti ya zamani isilegee, nikaifukiza udi kidogo, nikachagua mmoja wa kutoka nao hata kama natoka kwenda kununua kitunguu. Rehema huniambia, “Dada, wewe huna mikoba, una wake wenza.” Nawe hujui raha ya kufungua mkoba ulioulaza mwaka mzima ukakuta bado unanukia.

Nakuzungusha, Mama. Na wewe hapo ulipokaa unajua nakuzungusha.

Mkoba ndio ulionianza. Kuna mmoja wa rangi ya damu ya mzee, mkanda wake mfupi, ule unaokaa kwapani. Nikiuvaa bega la kushoto unanichoma. Nikaulaumu mkoba. Nikavaa mwingine wa aina ile ile, nao ukanichoma. Nikahamia bega la kulia, nikaona nafuu, nikanyamaza miezi miwili. Tulipoambiwa tunahama chumba nikaanza kuchambua mikoba, hii ya kubaki na hii ya kutoa, na fungu la kutoa likawa linajaa haraka. Ni Rehema aliyesimama juu ya lile fungu akaniuliza, “Mbona watoa yote ya kwapani? Mizuri yote ni hiyo.” Nikamwambia inaniumiza. Akaniambia, “Yote? Mikoba kumi na minne yote ina kosa? Hebu inua mkono.” Nikakataa. Akaninunia siku mbili, nikainua.

Kulikuwa na uvimbe, Mama. Pembeni ya titi la kushoto, mgumu, kama kokwa ya ubuyu chini ya ngozi. Rehema akanipeleka hospitali asubuhi ya Jumatatu ile ile. Daktari, mwanamke mpole, akasema lazima atie sindano atoe kipande kidogo kikapimwe. Nikamwambia naenda msalani, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikapanda gari nikarudi kazini. Mchana nikakaa juu ya yale marobota nikagawa nguo zangu. Sikuwa nimepanga kuusia. Niliamini napanga kabati. Ila sauti haikuwa yangu ya siku zote, na wewe kutoka huko, kwa kisimu cha Mishi kinachokoroma, uliisikia. Kwa hiyo hasira niliyoanza nayo juu hapo naomba uifute. Uliponiuliza waumwa nini nami nikajibu siumwi, nilikudanganya, na haya yake sijui niiweke wapi.

Jumamosi Rehema alinirudisha kwa nguvu. Alikaa mlangoni na mkoba wangu mapajani ili nisipate nauli ya kutoroka. Sindano ikaingia. Majibu nimeyapata jana.

Ni saratani, Mama. Mishi, lisome neno hilo tena polepole, kisha weka barua chini umshike mkono, mkimaliza mwendelee.

Daktari anasema imewahiwa. Haijatembea. Anasema ikatwe upesi, kisha dawa, na dawa zitachosha na nywele zitaanguka. Akaniuliza nina nani wa kunitazama huku. Nikamwambia nina Rehema. Akaniuliza Rehema hupata ruhusa ya siku ngapi.

Nikaenda kwa msimamizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maana mkataba bado una miezi minane, na wengine hapa wamewahi kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mzazi wakanyimwa. Nilimwekea karatasi za hospitali mezani. Akazisoma mpaka mwisho, akafungua mtoto wa meza akanipa pasi yangu ya kusafiria, akasema, “Nenda kwa mama yako.” Nilikuwa nimekaza uso tangu asubuhi, hapo ukanishinda. Nililia mbele ya mwanamume yule mpaka akatoka yeye ofisini kwake akaniachia.

Basi narudi, Mama. Barua hii inatangulia na kaka yake Rehema, mimi nafika Jumanne. Mikoba thelathini nimeiacha hapa, wenzangu wamegawana huku wanacheka na kusukumana, wala hapakuwa na dua wala jamvi, na nimefurahi kuiona imekwenda mabegani mwa watu. Mmoja tu nimeubakisha, wa mkanda mrefu, wa kutilia karatasi za hospitali.

Mishi, kesho mapema nenda pale hospitali kuu ya Msambweni uulize mtu mwenye ugonjwa huu aanzie mlango gani na aje na nini. Andika majina ya utakaoongea nao. Usiwe na haya kuuliza mara mbili.

Mama, salamu zangu kwa Mjomba Hamisi, ndugu yako wa pekee, umwambie ahsante kwa kunihangaikia na kwamba nitakuja nimekaa kwenye kiti cha abiria, si ndani ya jeneza. Mke wa Mjomba nampa radhi na ninaomba yake, safari hii kwa akili timamu. Shangazi Fatuma, dada wa marehemu Baba, mpeni shikamoo yangu kubwa. Najua nitakapolala yeye ndiye atakayekuja kunipikia uji, anapenda vitu vyangu na mimi pia ananipenda. Jirani yetu anayekula nusu ya dawa zako, msalimu, na umwambie atafute zake.

Watu wakiuliza, waambie. Sitaki kufichwa ndani. Ila usiwaambie kwamba ulijua kabla ya daktari, ingawa ulijua.

Naogopa, Mama. Sijawahi kukuandikia neno hili, hata kule bweni. Usiku wa jana niliswali nikasahau rakaa ngapi nimeswali, nikaanza upya mara tatu. Nataka kukatwa nikijua uko upande wa pili wa mlango.

Nina ombi moja, nalo lifanyike kabla ya Jumanne. Fungua pindo utoe ule ufunguo, ufungue kabati. Daktari amesema baada ya kukatwa mkono wa kushoto hautainuka kwa muda mrefu, sitaweza kuvaa nguo ya kupitishia kichwani, na mimi karibu zote nilizonazo ni za kupitishia kichwani. Yabebe madera yangu umpelekee fundi, ayapasue mbele kutoka shingoni mpaka kiunoni na kutia vifungo vikubwa ninavyoweza kufunga kwa mkono mmoja. Asiulize ni mangapi. Yote, Mama, na lile la zambarau. Usibakishe hata moja la kugawa.

Mwanao,
Mwanamisi