Herufi Nane kutoka Pweto

Jumatatu, 2 Juni
Baridi. Ujumbe wa Pweto, nyumbani kwa Baba, umepita, simu imeonyesha kijani. Kaka yangu Dieudo anapakia samaki wakavu kesho, na Baba, ambaye bado anaumwa, amekula kidogo. Mwezi uliopita tapeli alijifanya Dieudo, gari letu la samaki likaenda kushusha mzigo mtaa wa Ruashi kwa watu tusiowajua. Ndiyo maana nikatengeneza programu hii ya simu yangu na ya Dieudo. Inausaga ujumbe pamoja na neno letu la siri, hesabu iitwayo hachage, kisha inabandika herufi nane mwishoni. Ukigusa hata nukta, hazilingani tena na simu inaonyesha nyekundu. Na herufi hizo huwezi kuzirudisha ziwe maneno.

Jumatano, 4 Juni
Nyekundu. Nikadhani tapeli karudi. Kumbe tantine Odette, dada yake Baba. Mtandao wa Dieudo haufiki kwangu, kwa hiyo tantine, anayekaa huku mjini, ndiye anayepokea na kunitumia. Kaweka salamu mbele. Nilimpigia nikiwa nimechukia.
"Message bila bonjour? Siko mushenzi, mutoto yangu!"
Nimemwambia asiongeze hata herufi moja. Ameahidi.

Ijumaa, 6 Juni
Kijani. Bila salamu. "Baba hakukula leo." Habari za samaki sina hamu nazo. Naogopa, basi.

Jumapili, 8 Juni
Nimetoka misa. "Baba iko mugonjwa sana. Kuja." Nyekundu.
Nilifurahi, nakiri. Nyekundu ni uongo, labda tapeli. Nikampigia tantine, hashiki. Labda kaongeza neno tena. Nikatoa "sana". Nyekundu. Nikatoa nukta, nikairudisha. Nyekundu.
Kisha nikakumbuka sisi ni watu wa namna gani. Hapa kwetu hakuna anayetangaza kifo kwenye simu. Aliye mbali anaambiwa mtu ni mgonjwa, aje.
Nikaandika mwenyewe: "Baba alikufa. Kuja." Nikaiacha programu isage.
Herufi zote nane zimelingana na zile alizotuma Dieudo. Kijani.

Jumatatu, 9 Juni
Njia ya Pweto, vumbi tupu. Tantine amekaa kando yangu, macho yamevimba, anasema ni vumbi. Amemnunulia Baba mkate.
"Iko mugonjwa tu. Atapona."
"Ndiyo, tantine," nimemjibu.
Hajui kuwa nimeona kijani. Gari linaruka sana kwenye mashimo. Nimeuchukua mkate nikauweka mapajani, usipondeke.