Baba Bado Anamsubiri Mama Aliyechukuliwa na Kimbunga

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla mvua hazijaanza, maana nimekonda kwa mawazo, na mimi fundi cherehani mzima siku hizi nakata vitambaa vya wateja kombo.

Kimbunga kilipopiga pwani ya kwetu kilimchukua mama na mwili wake haukupatikana mpaka leo, barabara zikakatika, baba akatuambia kwa simu kwamba jamaa wamempa hifadhi, mimi na kaka yangu huku mjini tukaamini, au tuseme tulitaka kuamini. Miezi ikapita. Juzi chama chetu cha waendesha baiskeli kikaandaa safari ya kuchangia ujenzi wa zahanati iliyobomoka huko, nikajiunga, tukapita vijiji vilivyobaki misingi tu, hapa mlango umesimama bila nyumba, pale kitanda kimenasa juu ya mti. Tulipofika kwetu nikamkuta baba anaishi kwenye kilichokuwa jiko letu, kuta tatu na turubai, na nguo za mama amezifua, amezianika.

Nikamwambia, "Baba, twende zetu mjini."

Akanijibu, "Mama yako akirudi atamkuta nani?"

Wala hakusema kama mtu aliyechanganyikiwa, mshauri, alisema huku ananimiminia maji ninywe. Kiongozi wa msafara akapuliza filimbi, wenzangu wakawa wananisubiri, nikapanda baiskeli nikaondoka nalia.

Sasa kaka anataka nimpigie baba simu nimwambie mama amepatikana na tumeshamzika huku. "Wewe ndiye anayekuamini," ananiambia, "mimi hatanisikiliza." Najua ni uongo, lakini mvua zikimkuta pale na yeye atasombwa. Nifanye nini?

Binti Aliyekwama

*

Binti, pole, tena pole sana. Lakini lazima nikugombeze. Filimbi ndiyo ikakuondoa mbele ya baba yako? Zahanati ingejengwa hata kama ungebaki.

Huo uongo wa kaka yako usiuguse. Baba akishuka tu kwenye basi atasema, "Nipelekeni kaburini." Mtamwonyesha kaburi la nani? Siku hiyo atampoteza mkewe mara ya pili, na nyinyi atawapoteza papo hapo.

Baba yako hajarukwa na akili. Amefiwa, na hakuna aliyekuja kulia naye. Nyinyi mlitaka kuamini yuko salama kwa sababu kwenda kule kungewalazimisha kukubali kwamba mama hayupo. Ndivyo ninavyoona mimi, na kama nimekosea utaniambia.

Nendeni wote wawili, wiki hii. Muulizeni siku ile ilikuwaje, mumwache aseme mpaka amalize, hata kama hamtaki kusikia. Kisha iteni majirani waliobaki, mwombeeni mama palepale, na mumtaje kuwa ni marehemu. Kaka yako ndiye mkubwa, aanze yeye.

Baada ya hapo ndipo mumwombe baba ahame, si lazima mjini, hata kwa jirani aliye mlimani. Akikataa, msimbebe kwa nguvu. Mmoja wenu abaki naye mpaka mvua zipite, na ubishi wa nani abaki muumalizie ndani ya basi, msiufikishe mbele yake.